Faili la Video Linapoulizwa

Mhadhara uliotolewa Bunia mbele ya wanahabari, wanafunzi wa informatiki na wapiga video

Nimeombwa niseme jinsi programu inavyofungua faili la filamu na kusoma sifa za treki yake ya picha, yaani upana, kimo, muda, kasi ya fremu, mwelekeo na tarehe. Kwingineko somo hili huachiwa watengenezaji wa vicheza video. Hapa Ituri tuna sababu ya kulisikiliza sote.

Tarehe 12 Februari 2003 Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, kundi lenye silaha la hapa Ituri, aliitembelea kambi ya mafunzo ya kundi hilo kule Rwampara, na kamera ilikuwapo. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza tangu iundwe. Ilimtia Lubanga hatiani kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, na mwezi Julai mwaka huohuo akapewa kifungo cha miaka 14. Picha za Rwampara zilikuwa sehemu ya ushahidi ambao majaji waliutegemea. Waliwatazama wale watoto kwenye kioo na kusema kwamba baadhi yao ni wazi hawajafika miaka 15. Utetezi ulipinga, ukidai umri hausomwi kwenye video. Rufaa ilipoamuliwa tarehe 1 Desemba 2014 hukumu ilithibitishwa, ingawa Jaji Anita Ušacka alitofautiana na wenzake. Sikuja kuifungua upya kesi hiyo; kila mtu katika ukumbi huu ana maoni yake juu yake, na wengine wana makaburi. Ninachochukua humo ni swali moja tu: video inaweza kusema nini, na ikisema, ni nani anayesema?

Maana faili la video lina wasemaji wengi ndani yake. Ukiiuliza programu "video hii ina ukubwa gani?", itakujibu kwa namba mbili, na wewe utadhani faili ndilo lililojibu. Kumbe jibu lile huenda liliandikwa na kamera, au lilikokotolewa na programu yenyewe, au lilikisiwa kwa sababu mwandishi wa programu hakutaka kuacha nafasi tupu. Kazi yetu leo ni kuwatenga wasemaji hawa.

Tuanze na faili lenyewe. MP4, na ndugu zake MOV na 3GP ya simu za zamani, ni masanduku ndani ya masanduku. Mpango huu ulitokana na QuickTime, ambayo kampuni ya Apple iliitoa mwaka 1991. Baadaye shirika la viwango la ISO liliuchukua, na leo unajulikana kama kiwango namba 14496-12. Kila sanduku huanza na baiti nane. Nne za kwanza hutaja ukubwa wa sanduku zima, na nne zinazofuata ni herufi za jina lake. Sanduku la kwanza kwa kawaida huitwa ftyp, nalo hutaja aina ya faili. Kisha yapo mawili makubwa, mdat na moov. Fikirini lori linaloingia mjini kutoka Butembo: mdat ni mzigo, moov ni karatasi aliyoshika dereva, inayosema magunia ni mangapi, ni ya nini na yamepangwa wapi. Programu inayosoma sifa za video haigusi mzigo. Inasoma karatasi.

Kwa wanafunzi, huu hapa msimbo mfupi wa Python wa kuorodhesha masanduku ya juu ya faili lolote la MP4. Hauhitaji maktaba yoyote wala intaneti:

    with open("ndoa.mp4", "rb") as faili:
        while True:
            kichwa = faili.read(8)
            if len(kichwa) < 8:
                break
            ukubwa = int.from_bytes(kichwa[:4], "big")
            jina = kichwa[4:].decode("latin-1")
            kilichosomwa = 8
            if ukubwa == 1:
                ukubwa = int.from_bytes(faili.read(8), "big")
                kilichosomwa = 16
            print(jina, ukubwa)
            if ukubwa == 0:
                break
            faili.seek(ukubwa - kilichosomwa, 1)

Ukubwa ukiandikwa 1, maana yake sanduku ni kubwa mno kwa baiti nne, na namba ya kweli iko katika baiti nane zinazofuata. Ukiandikwa 0, sanduku linafika mwisho wa faili. Neno "big" lina maana kwamba baiti nzito hutangulia. Ukiligeuza, utapata namba za ajabu na utalaumu faili bure.

Ujaribuni msimbo huu kwenye faili ambalo kamera ilizimika kabla ya kumaliza, jambo ambalo kila mpiga video wa mji huu amelionja betri ilipomwishia katikati ya misa. Mtaona ftyp, mtaona mdat, halafu basi. Kamera nyingi huandika moov mwishoni, baada ya kubonyeza kitufe cha kusimamisha, kwa sababu kabla ya hapo hazijui fremu zitakuwa ngapi. Picha za bibi harusi zimo humo zote, lakini hakuna anayejua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Msilifute faili hilo. Zipo programu zinazochukua faili zima kutoka kamera ileile, lenye mpangilio uleule, na kwa mfano huo hujaribu kuunda moov mpya. Mara nyingi hufanikiwa.

Sasa tuingie ndani ya moov. Humo kila treki ina sanduku lake linaloitwa trak, na kosa la kwanza la waandishi wengi wa programu ni kudhani kwamba trak ya kwanza ni ya picha. Simu nyingine hutanguliza sauti. Nyingine huongeza treki ya tatu isiyo picha wala sauti, ya data za vihisio. Lisome kwanza sanduku la hdlr: likisema vide, hiyo ni picha, likisema soun, hiyo ni sauti. Anayetumia zana ya ffprobe ya mradi wa FFmpeg, au MediaInfo, hufanyiwa kazi hiyo. Anayeandika programu ya iPhone ataiomba AVFoundation treki za aina ya video, na wa Android atatumia MediaExtractor. Majina yanatofautiana lakini masanduku ni yaleyale.

Upana na kimo viko katika tkhd, sanduku la kichwa cha treki, na hapo mtego wa kwanza umetegwa. Namba hizi huandikwa kwa baiti nne, mbili za sehemu kamili na mbili za sehemu ya desimali. Asiyejua hilo atasoma kwamba video yake ina upana wa pikseli 125,829,120. Agawe kwa 65,536 apate 1920. Mtego wa pili ni mkali zaidi kwa sababu hautoi namba ya ajabu. Mtu akishika simu wima, kihisio cha kamera hakigeuki ndani ya simu. Picha hurekodiwa ikiwa imelala, 1920 kwa 1080, na tkhd huongezewa jedwali la namba tisa linalosema "igeuzeni nyuzi 90 mnapoonyesha". Kwenye mfumo wa Apple, naturalSize itakupa 1920 kwa 1080 bila kusema uongo, na preferredTransform ndiyo yenye habari ya kugeuza. Programu inayosoma ya kwanza na kuiacha ya pili ndiyo inayotuletea mashahidi waliolala ubavu.

Mtego wa tatu ndio unaonirudisha kwenye swali la umri, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Pikseli si lazima iwe mraba. Video za kanda za enzi ya zile picha za Rwampara zilipoingizwa kwenye kompyuta kwa mfumo wa PAL zilikuwa 720 kwa 576. Gawanya 720 kwa 576 upate 1.25, ilhali picha ya runinga ya wakati ule ilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, yaani 1.33. Tofauti hiyo inatakiwa kuelezwa pembeni, katika sanduku la pasp linalotaja umbo la pikseli. Sanduku hilo likikosekana, au programu ikilipuuza, kila mtu ndani ya picha hupungua upana kwa karibu asilimia 6 na kuonekana mrefu na mwembamba kuliko alivyo. Mwingine akiinyoosha picha hiyohiyo ijae kioo cha kisasa cha 16 kwa 9, mtoto hupanuka kwa theluthi moja na mabega yake yanakuwa ya mtu mzima. Sisemi kwamba hili lilitokea The Hague. Nasema kwamba anayetazama mwili na kukisia umri anapaswa kwanza kujua kama pikseli zake ni za mraba, na swali hilo halijibiwi na jicho.

Wapo pia watakaouliza kwa nini programu yao inasema kimo ni 1088 wakati kamera imeandikwa 1080. Kodeki ya H.264 hukata picha vipande vya pikseli 16 kwa 16, na 1080 haigawanyiki kwa 16. Kwa hiyo mistari minane huongezwa chini, kisha huagizwa ifichwe. Aliyesoma 1088 amesoma kabla ya kukata. Tusikae hapo.

Muda nao hauandikwi kwa sekunde. Sanduku la mdhd lina kipimo, mfano 90,000 kwa sekunde, na urefu uliohesabiwa kwa kipimo hicho. Urefu ukiwa 5,400,000, gawanya upate sekunde 60. Kila treki ina kipimo chake, na filamu nzima ina kingine katika mvhd, kwa hiyo picha na sauti zinaweza kutofautiana kidogo bila kosa lolote.

Kasi ya fremu ndiyo sifa inayoulizwa sana na kusemwa vibaya kuliko zote. Katika masanduku haya hakuna mahali palipotengwa kwa kuandikia "fremu 25 kwa sekunde". Kuna sanduku la stts, lenye orodha ya fremu na muda ambao kila moja inakaa kwenye kioo. Programu hujumlisha, hugawanya, kisha hukupa wastani. Simu ikirekodi usiku, taa zimezimika na kuna kibatari tu, hupunguza kasi yenyewe ili ipate mwanga wa kutosha. Sehemu moja ya video inakuwa na fremu 30, nyingine 15, nawe unaambiwa 22 na kitu. Mtu anayehesabu fremu ili ajue milio miwili ya risasi imeachana kwa muda gani, akitumia wastani huo, atapata jibu lisilo sahihi. Asome stts yenyewe, fremu kwa fremu. Idadi ya fremu inayotolewa na maktaba ya OpenCV nayo muichukue kwa tahadhari, kwa sababu mara nyingi hutokana na maelezo ya kichwa cha faili au makadirio, bila fremu zenyewe kuhesabiwa.

Tarehe sasa. Masanduku haya huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1904, wakati nchi hii ilikuwa bado mali ya Leopold II. Kompyuta nyingi zenyewe huhesabu kuanzia 1970. Tofauti ni sekunde 2,082,844,800, na asiyeitoa ataona video ya mwaka 2024 imepigwa 2090. Kamera isiyojua tarehe huandika sifuri, na programu isiyo makini hutangaza kwa sauti kavu kwamba video ilipigwa mwaka 1904. Hesabu hii ya zamani, inapoandikwa kwa baiti nne, itajaa Februari 2040; vijana mtakaokuwa kazini wakati huo, mmeonywa.

Kiwango kinataka saa iandikwe kwa UTC. Bunia iko saa mbili mbele yake, Kinshasa saa moja, Kampala saa tatu. Video iliyopigwa hapa saa 10:15 asubuhi inatakiwa kusomeka 08:15 ndani ya faili. Ila zipo kamera, hasa zile zisizo simu, ambazo huandika saa ya ukutani na kuiita UTC. Ongezeni hapo simu ya Mahagi au Kasenyi iliyoshika mtandao wa Uganda na kujibadilishia saa kwenye kioo. Mhariri wa Kinshasa akiliangalia faili hilo kwa programu inayogeuza kwenda saa yake mwenyewe, tayari kuna saa nne tofauti za tukio moja, na watu wataanza kuitana waongo. Anayetoa ripoti aandike namba aliyoikuta ndani ya faili, kisha kando yake aandike alivyoigeuza.

Mahali pia huweza kuandikwa. Simu ikiruhusiwa, huweka mstari mmoja wa namba, na kwa mtu aliyesimama katikati ya mji huu utafanana na +01.5667+030.2500/, yaani nyuzi za latitudo na longitudo. Mstari huo unaweza kusaidia mahakama. Unaweza pia kumwonyesha mwenye bunduki nyumba ya aliyepiga picha. Katika mkoa uliowekwa chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, sitamlaumu mtu anayeuzima.

Na mengi ya haya hayatufikii hata hivyo, kwa sababu video zetu hupitia WhatsApp. Ukituma video kama video, hukandamizwa upya: pikseli hupungua, mahali hufutwa, na tarehe iliyomo haiwezi tena kuchukuliwa kuwa ya siku ya tukio. Kwa hiyo mtu akiniletea video ya "shambulio la jana Djugu" iliyozunguka makundi ishirini, siulizi metadata zake, kwa maana kilichobaki kinaeleza mkandamizaji tu. Namuuliza ameipata kwa nani, kisha namfuata yule, na wa nyuma yake, mpaka nimfikie mwenye simu. Huyo ndiye ninayemwomba aitume kama hati, jinsi anavyotuma PDF. Kwa njia hiyo faili hupita bila kuguswa.

Mfano mzuri wa kuhifadhi habari hizi tangu mwanzo uko jirani. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi mjini Bukavu iliwahukumu viongozi wawili wa wanamgambo kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu uliofanywa mwaka 2012 katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini. Kati ya ushahidi uliopelekwa mbele ya majaji zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness to Atrocities, iliyozinduliwa mwaka 2015 na International Bar Association, chama cha mawakili duniani. Programu hiyo hurekodi saa na mahali kutoka vyanzo ambavyo mpigaji hawezi kuvigusa, hukokotoa palepale alama ya hashi ya faili, yaani namba inayobadilika faili likiguswa, na kutunza nakala nje ya simu. Kwa maneno mengine, wabunifu wake hawakuamini masanduku tuliyoyasoma leo, wakajenga mengine pembeni. Mimi nakubaliana nao.

Nimalizie na sanduku moja linalotazamwa na wachache. elst ni orodha ya hariri. Inaweza kukiambia kicheza video kiruke sekunde kumi za mwanzo, na fremu za sekunde hizo zikabaki ndani ya mdat, hazionekani lakini zipo. Programu nyingine za kukata video hufanya hivyo kwa sababu ni haraka kuliko kukandamiza upya. Mwanahabari aliyekata uso wa shahidi kwa njia hiyo hajakata chochote; anayejua kusoma elst atauona uso. Ukitaka kuficha, kandamiza upya, halafu linganisha jumla ya stts na muda unaoonyeshwa.

Na ndani ya mdhd kuna herufi tatu za lugha ya treki. Kamera nyingi huandika und, yaani haijulikani, na nyingine huandika eng hata kama anayesema ni mama wa mtaa wa Nyakasanza anayetukana kwa Kilendu. Ninyi mnaotafsiri filamu mnaweza kuisahihisha bila kukandamiza chochote:

    ffmpeg -i filamu.mp4 -c copy -metadata:s:a:0 language=swa filamu2.mp4

Kazi hiyo huisha kwa sekunde chache, na kicheza video kitaorodhesha sauti ya Kiswahili. Amri hiyohiyo, mkiondoa kipande cha lugha na kuweka creation_time, huandika tarehe yoyote mtakayoitaka, na ffprobe ataisoma kwa heshima ileile aliyoisomea ya kwanza. Ndiyo sababu chumba cha habari kinachopokea video, kabla hata ya kuitazama, kinatakiwa kukokotoa alama yake ya hashi kwa SHA-256, kuiandika kwenye daftari pamoja na siku, saa na jina la aliyeileta, na kufungia nakala ya kwanza mahali ambapo hakuna mtu atakayeikata. Daftari la karatasi linatosha. Karibuni kwa maswali. Kompyuta ipo hapa mbele, na mwenye faili linalogoma alilete tulifungue pamoja.